Mabaka Alilala, Hakuamka Tena

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane na watoto watatu. Mimi na mume wangu, Baba Neema, tulihamia Masanze tukitokea kanda ya ziwa, na maksai wawili wa kuvuta plau. Mmoja, Mabaka, alikuwa wangu! Marehemu baba alinipa angali ndama.

Masika yaliyopita, mpunga ukitusubiri, Mabaka alipigwa pembe na dume la jirani. Ubavu ukachanika vibaya. Nikampigia simu daktari wa mifugo, mama mmoja aliyeko Mikumi. Akasema atafika kesho yake, nisimnyweshe chochote kwa chupa, kwani huenda akamchoma sindano ya usingizi. Nikamweleza Baba Neema, akaitikia vizuri tu. Nami nikaenda gulioni, kijiji cha jirani kiitwacho Ulaya... Laiti ningebaki nyumbani!

Kesho yake daktari alifika. Akauliza mnyama amepewa nini, na kama anakohoa.

"Hajapewa kitu, dokta," mume wangu akajibu. "Hakohoi kabisa."

Nilimwamini. Ningekosaje kumwamini baba wa watoto wangu?

Sindano ikaingia kwenye mshipa wa shingo. Mabaka akapiga magoti, akalala. Daktari akaanza kushona. Ghafla pumzi zikawa fupi, povu likatoka puani! Daktari akatupa uzi, akakandamiza mbavu, akachoma dawa nyingine... Mabaka wangu akakata roho nikiwa nimemshika pembe.

Baba Neema akanigeukia mbele ya majirani. "Umeona? Si wewe na daktari wako wa simu!"

Majirani wakaguna. Nililia kama nimefiwa na ndugu.

Daktari akaomba kumpasua aone kifua. Mume wangu akakataa, akataka azikwe haraka. Hapo nikashtuka... haraka ya nini? Nikasema maksai ni wangu, apasuliwe!

Mapafu yalikuwa mekundu ya kuiva, mazito, yamejaa maji. Daktari alipoyakata, mafuta ya kula yakang'aa kwenye kisu.

"Nani alimnywesha mafuta?"

Baba Neema akasema kwa sauti ndogo kwamba nilipokuwa gulioni tumbo la Mabaka lilivimba. Akamvuta ulimi, akammiminia mafuta kwa chupa ya soda, kama wazee wetu walivyofanya. Mabaka akapaliwa, akakohoa hadi jioni. Na yeye ndiye mwenyekiti wa wafugaji, aliyewakataza wenzake jambo hilohilo kikaoni! Akaona aibu kusema.

Daktari alitueleza kwamba dawa ile hupunguza pumzi hata kwa mnyama mzima. Mapafu yaliyokwisha kuumia hayakuiweza. Angejua, angempiga ganzi ya ngozini tu, amshone akiwa amesimama.

Aibu ya mtu mmoja! Maksai mmoja havuti plau. Nusu ya shamba ilibaki majani, na mwaka huu tunakula kwa kuombaomba.

Baba Neema aliniomba radhi, nikamwitikia kwa mdomo. Moyo umekataa. Kitindamimba wetu ana kifua kibovu, na siku hizi akikohoa simwachi baba yake ampeleke zahanati peke yake. Nawasihi, ndugu zangu, daktari akiuliza mgonjwa amepewa nini, awe mtu au mnyama, semeni ukweli! Mimi nimebaki na mume ambaye swali hilo namjibia mimi.