Kiti cha Mama Chini ya Turubai

Kila siku akitoka shule, Sisimizi alifanya mambo matatu, na hakuyapangua. Alivua viatu mlangoni. Alikunywa bilauri nzima ya maji bila kupumua. Kisha alizunguka nyuma ya nyumba, akainua pembe ya turubai na kujipenyeza ndani ya gari la mama.

Sisimizi halikuwa jina lake. Mama alimwita hivyo tangu alipoanza kutambaa, kwa sababu hakukaa mahali pamoja, na sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, mtaa mzima ulikuwa umesahau kwamba ana jina jingine.

Ndani ya gari, hata hivyo, alitulia. Alikaa kiti cha nyuma, akaegemeza shavu nyuma ya kiti cha dereva. Hapo palikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya mama, harufu ya waridi, imebaki kidogo tu. Kiti chenyewe hakukikalia kamwe. Kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, maana mama alikuwa mfupi na alipoendesha kidevu kilikaribia kubusu usukani. Kwenye ngozi ya kahawia palikuwa na bonde dogo, umbo la mgongo wake. Mwaka mmoja na nusu sasa mama alikuwa nchi ya mbali, kazi ya mkataba, akiuguza wagonjwa wa watu wengine. Kwa Sisimizi, bonde lile ndilo lililokuwa mama.

Aliishi na mama mdogo, fundi wa viti vya magari, mwenye karakana ng'ambo ya mji na vidole vilivyonuka gundi hata baada ya kuoga. Mwanzoni mama mdogo alilitunza gari mwenyewe. Kiangazi kilipoanza alipata kazi ya kushona viti vya mabasi, akawa anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Akamwita mpwa wake.

"Mwanangu, nakukabidhi kazi mbili. Kila Jumamosi Fundi Kimya atakuja, mpe ufunguo alizungushe gari nusu saa. Na kila mwezi, futa viti kwa kitambaa laini chenye sabuni kidogo, viache vikauke, halafu paka haya mafuta ya ngozi. Kidogo! Ngozi inapakwa, haikaangwi."

"Sawa, mama mdogo."

"Na usisahau: ngozi hulia kwa ufa, haina kinywa cha neno."

Huo ulikuwa wimbo wake wa kazini. Sisimizi alikuwa ameusikia mpaka masikio yamefanya sugu.

Jumamosi ya kwanza Fundi Kimya, mwenye gereji chini ya mtaa, alikuja. Aliitwa Kimya kwa sababu alipenda magari yasiyopiga kelele. Yeye mwenyewe alikuwa na mdomo kama redio iliyoharibika kitufe cha kuzimia. Tena alikuwa mrefu kama mlingoti. Alipoingia garini magoti yaligonga usukani, akavuta mkono wa chuma chini ya kiti, na kiti kikarudi nyuma, krrr! Sisimizi alihisi kama kitu kimechanika kifuani mwake.

Mchana huo alihangaika kukirudisha kiti mahali pake. Akakisogeza mbele, akakirudisha, akakisogeza tena. Hakuwa na hakika. Na harufu ya waridi ilikuwa imechanganyika na grisi.

Jumamosi iliyofuata alimsubiri fundi getini. "Shikamoo, mjomba. Mama mdogo amesema leo lisitoke."

"Marahaba. Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

Jioni mama mdogo akauliza, "Limezungushwa?"

"Limezungushwa."

Na mafuta ya ngozi? Alifungua kopo, akanusa, akalifunga. Harufu yake kali ingelimeza waridi lote. Mwezi ulipoisha akasema amepaka. Uongo ni kama uzi wa cherehani: ukifyatuka mmoja, mshono mzima unafuata. Baada ya kurudishwa Jumamosi tatu Fundi Kimya hakuja tena. Miezi mitano ikapita.

Alhamisi moja simu iliita. Sauti ya mama ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja.

"Sisimizi wangu! Mkataba umekwisha. Jumamosi saa sita mchana natua. Njooni na gari langu, nimechoka kubebwa na magari ya watu. Kiti changu kipo?"

"Kipo, mama," alijibu.

Alikimbia nyuma ya nyumba. Safari hii aliinua turubai upande wa mbele, upande ambao siku zote hakuugusa. Turubai lilikuwa limetoboka juu ya kioo cha mbele, na jua la miezi mitano lilikuwa limepita katika tundu lile na kutua juu ya kiti. Ngozi ilikuwa imepauka. Katikati ya lile bonde palikuwa na ufa mrefu kama kidole, kingo zake zimekunjamana.

Sisimizi aliugusa ufa kwa ncha ya kidole. Halafu akafanya jambo ambalo mtoto aliyelelewa na fundi wa ngozi hakupaswa hata kuliota: alichukua dawa ya viatu vya shule, rangi ya kahawia, akaisugua kwenye kiti mpaka kikang'aa.

Ijumaa mama mdogo aliwahi kurudi, akalijaribu gauni la rangi ya maziwa alilolishona kwa ajili ya mapokezi. "Ngoja niliwashe gari kwanza, isije ikawa aibu." Akakaa, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Hata taa moja haikuwaka.

Alipotoka, mgongo mzima wa gauni ulikuwa kahawia.

"Hii nini?" Alijinusa kiganja. "Dawa ya viatu? Kwenye ngozi? Ni yule mlingoti! Amelitelekeza gari, halafu ananipakia uchafu nisione!"

Hakungoja jibu. Alishuka mtaa akielekea gereji ya Fundi Kimya, na Sisimizi akamfuata.

"Wewe fundi! Dada yangu anatua kesho! Hili ndilo gari ulilolitunza?"

Fundi Kimya alitoa kichwa chini ya boneti. "Shemeji, mbona moto? Gari gani? Uliniambia lisitoke."

"Mimi?"

"Si ulimtuma mtoto? Jumamosi tatu mfululizo. Nikajua umepata fundi mwingine mwenye mdomo mdogo. Nikanuna. Mimi nikinuna, shemeji, huwa nanuna sawasawa."

"Usinisingizie! Mtu mzima na mvi zako, unamsingizia mtoto!"

Wasaidizi wa gereji waliacha kazi wakatazama. Fundi Kimya, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, alifungua mdomo na kuufunga. Akainamisha macho. Alimtazama Sisimizi mara moja tu, wala hakumnyooshea kidole.

Hilo ndilo lililomshinda Sisimizi. Angenyooshewa kidole, labda angekana.

"Ni mimi," alisema.

Mama mdogo akageuka.

"Ni mimi niliyemzuia. Mafuta sikupaka hata siku moja. Dawa ya viatu ni mimi, nilitaka kuficha ufa. Yeye... yeye anasogeza kiti. Mama alikiacha pale, mbele. Nikaona kikisogezwa, mama naye atasogea." Machozi yalimtangulia maneno. "Na mafuta yanaua harufu yake."

 Mama mdogo akamgeukia fundi. "Nisamehe, shemeji. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Imeisha. Tulitazame gari."

Walipofika, Fundi Kimya alimwita Sisimizi asimame karibu. "Watu wanaliogopa gari la haibridi. Wanadhani ni uchawi. Kumbe ndilo gari jepesi kulielewa. Ni ndugu wawili wanaobeba mzigo mmoja: petroli na umeme. Gari likiondoka polepole, umeme unabeba. Kwenye mlima, petroli inaingia kusaidia. Ukikanyaga breki, ile nguvu ya mwendo haitupwi, inarudi kwenye betri. Hulichomeki ukutani. Lina ombi moja tu."

"Lipi, mjomba?"

"Litembee. Ukilifungia kwa kulipenda, linakufa kwa upendo wako huohuo. Hii betri ndogo ndiyo inayowaamsha hao ndugu, nayo imelala njaa miezi mitano." Akaipachika kwenye chombo cha kuchajia. "Una bahati, betri kubwa bado inaweza kuwa na uhai. Tutajua asubuhi."

Mama mdogo naye alikunja mikono ya gauni lililokwisha kuharibika. Yeye na Sisimizi walifuta dawa ya viatu kitambaa baada ya kitambaa, mpaka ngozi ikabaki uchi. Mama mdogo akajaza ufa kwa gundi ya ngozi, akausawazisha, kisha akampa Sisimizi kopo la mafuta. "Paka wewe. Kwa kuzunguka. Usiwe na haraka."

Sisimizi alipaka, na ngozi ikanywa kama mtu aliyetoka jangwani. Waridi lilipotea. Ufa ukabaki mstari mwembamba, wa kuonekana kwa anayeujua.

Kisha mama mdogo akatoa mfukoni chaki ya kuchorea vitambaa, akainama, akaweka alama nyeupe kwenye reli ya kiti. "Haya. Kisogezwe mpaka ng'ambo ya bahari, kitarudi hapa hapa. Alama ya chaki, mwanangu. Ungesema tu."

Sisimizi aliitazama ile alama ndogo. 

Jumamosi, Fundi Kimya alibonyeza kitufe na taa zikawaka. Gari liliondoka bila sauti, mama mdogo na Sisimizi wakiwa nyuma. Kwenye uwanja wa ndege aliegesha, akakirudisha kiti kwenye alama, akasimama pembeni.

Mama alitoka akisukuma mizigo, na Sisimizi akamkimbilia. Akanusa shingo yake. Haikuwa waridi, ilikuwa sabuni ngeni ya hospitali. Lakini mikono ilikuwa ileile.

"Mama, kabla hujakaa," alisema kwa haraka, kabla moyo haujamgeuka, "kiti kina ufa. Nimeuleta mimi." Akaeleza yote, hadi dawa ya viatu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia garini. Tumbo likabanwa na usukani. "Ala!" Akavuta mkono wa chini, krrr, kiti kikarudi nyuma hatua mbili. "Nimenenepa, mwanangu! Pale mbele sikai tena."

Sisimizi aliangalia chaki, akamwangalia mama, akacheka mpaka akalia.

Mama akamvuta karibu. "Umedanganya watu wawili wanaokupenda, na mmoja ametukanwa kwa sababu yako. Jumamosi zote za mwezi huu utaamkia gerejini kwake kumsaidia kufua matambara." Akaugusa ule mstari mwembamba. "Mama yako mdogo anasema ngozi hulia kwa ufa kwa sababu haina kinywa. Wewe Mungu amekupa kinywa. Ukinikumbuka, sema. Ukiumia, sema. Usingoje upasuke."

"Nilikukumbuka, mama."

"Umeona? Ni neno dogo tu." Akakanyaga, na gari likaondoka kimya, umeme umebeba. Kwenye kiti cha nyuma, kando ya mama mdogo, Fundi Kimya alikuwa ameshaanza kuongea.