Jina la Dada Kwenye Seva

Waya wa mtandao ulikuwa umechomolewa, umelala sakafuni kama mkia wa panya, na bado tovuti ya zahanati ilikuwa inavuta taarifa kutoka kanzidata ya ng'ambo.

Fundi programu, Kipara kwa jina la utani (nywele zilimkimbia mapema, akasema heri hizo kuliko mke), alijua kosa ni lake. Tovuti haiingii kwenye kanzidata ya mbali bila jina na nywila. Yeye, badala ya kufungua akaunti mpya, aliacha itumike ile ya dada yake, fundi aliyemtangulia. Dada alikata roho hapohapo ofisini, mwili ukiwaka homa, maana bosi alimwambia: "Hutoki mpaka seva iitike." Mdogo mtu hakuwa na moyo wa kulifuta jina. Basi kila mgonjwa alipofungua tovuti, marehemu aliitwa.

"Unaisikia harufu?" karani aliyekaa naye ofisini alinong'ona.

Mafuta ya karafuu. Dada alijipaka hayo kichwa kikimuuma.

"Naisikia," Kipara alijibu. "Akikuita usiitikie, mwenzangu."

Mchana kweupe, bosi alipotokeza mlangoni kuuliza nani kachomoa waya, tai yake ikanyanyuka yenyewe, ikamvuta kinyumenyume hadi kitini, huku kikohozi cha mwanamke, kile kikavu kilichosikika siku zote za homa na ofisi nzima ikajitia uziwi, kikimpumulia sikioni, na kila mgonjwa alipofungua tovuti huko nje, fundo la tai likajikaza, likalegea kidogo, likajikaza tena.

"Futa... jina lake!"

"Seva itagoma, bosi."

"Igome! Kipara, mwanangu, nakuomba!"

Kipara alifungua mipangilio, akaweka kidole juu ya kibonye cha kufuta. Hakuwa shujaa, aliwahi kumkimbia mende mbele ya wakwe. Akibonyeza, bosi atapumua, na dada ataondoka moja kwa moja. Pumzi yenye karafuu ikamgusa utosi, pale dada alipozoea kumpiga konzi la mapenzi.

Akaondoa kidole.

"Shikamoo, dada," alisema. Akamshika karani mkono. "Tuwapishe. Wana mazungumzo yao."

Akaufunga mlango polepole. Ukumbini wagonjwa walijaa mabenchini, simu mkononi.

"Fundi, mtandao vipi leo?" bibi mmoja aliuliza.

"Haujawahi kuwa mzuri hivi, bibi," Kipara alijibu. "Fungueni tovuti, jamani. Fungueni nyote."