Injini ya Kabuku

Moris ya Mzee Mhina haikuwa na redio. Fundi Deogratius alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana dashibodi aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe akabakiza matundu matupu. Ndiyo maana siku ile, jua likiwa utosini, alipoiwasha injini mpya kwa mara ya kwanza na kusikia sauti ya mwanamume ikisoma taarifa ya habari humohumo garini, alicheka. Akadhani ni redio ya jirani. Kisha akakumbuka kwamba jirani alikwenda nayo shamba.

Injini yenyewe ilikuwa ya dizeli, ya pikapu ya Kijapani. Zilikuwa enzi za ruksa, mitumba ya nguo inaingia, mitumba ya magari inaingia, na Mzee Mhina, karani mstaafu wa shamba la mkonge, alikuwa amechoka kukitazama kigari alichoachiwa na meneja wake Mzungu kikioza kwa kukosa spea.

"Nipandikizie dizeli, mwanangu," alimwambia Deogratius. "Nifike Handeni mara moja kabla sijafa."

Mafundi wengine wa Korogwe waliangua kicheko. Injini ndefu, Moris fupi. Ni sawa na kuteleka sufuria ya msibani kwenye jiko la chumbani. Lakini Deogratius hakuwa mtu wa kuchekwa. Alikata ukuta wa mbele, akachomelea vishikizo vipya, akasogeza rejeta mpaka ikagusana na grili, akaishusha injini kwa mnyororo uani kwake Masuguru. Ilikaa kana kwamba ilizaliwa humo. Alijiona fundi wa mafundi, na kwa kweli kazi ilikuwa safi.

Alipovuta waya wa kuzimia, injini haikuzima. Akafunga dizeli, ikaendelea kunguruma. Fundi yeyote anajua kuwa dizeli ikipagawa hivyo dawa yake ni kuinyima hewa, basi akaziba kwa kiganja mdomo wa kuvutia hewa. Injini ikatetemeka, ikakoroma, ikanyamaza. Ndani ya nyumba mkewe, Efrazia, akapiga ukelele.

"Baba Rhoda! Mtoto! Mtoto hapumui!"

Kiganja kilikuwa bado mdomoni mwa injini. Alipokitoa akimbilie ndani, akamsikia Rhoda akivuta pumzi moja ndefu. Binti alikuwa sakafuni, miaka minane, mtoto wao wa pekee, mikono shingoni, midomo imebadilika rangi. Pumu alikuwa nayo tangu uchanga, lakini pumu haiachi alama nyekundu za vidole usoni.

Siku ya pili injini ilijiwasha yenyewe, saa ileile ya mchana. Siku ya tatu vilevile, na safari hii Deogratius alisimama mbali, mgongo ukutani, akaisikiliza ile sauti ikimaliza habari na kuingia kwenye matangazo ya vifo, huku ule moshi mweusi ukitambaa chini kwa chini kuelekea mlangoni badala ya kupanda juu, na ndani ya moshi kulikuwa na harufu nyingine aliyoitambua asitake kuitambua, harufu ya kibuyu cha maziwa cha Kimasai kilichofukizwa, na ile sauti ikatamka polepole kwamba Bwana Meitamei wa Handeni anasikitika kutangaza kifo cha mkewe, Nkoile, kilichotokea Kabuku. Hapo fundi akaketi chini.

"Ing'oe," Efrazia alinong'ona usiku ule, Rhoda akiwa katikati yao. "Ing'oe ukaitupe mtoni."

Asubuhi alijaribu. Alipotia spana kwenye nati ya kwanza na kuizungusha robo tu, Rhoda alilia ndani akishika mbavu. Akairudisha nati mahali pake. Efrazia alijitanda khanga akaenda Makuyuni kumleta Bibi Yuditha, mganga.

Bibi Yuditha alikuja pamoja na Mzee Mhina. Hakupiga ramli wala hakufukiza udi. Aliinamia injini akainusa, kama anusaye nyama buchani.

"Imetoka wapi hii?"

"Kabuku, bibi. Gari la ajali."

"Jini huyu hakuzaliwa humu. Amekuja kukaa palipoachwa kilio kisichoitikiwa. Aliyekufa ulimkuta hai?"

Deogratius akamtazama mkewe, kisha akatazama chini.

Alimkuta hai. Alikuwa akipita njia kutafuta spea, akaikuta pikapu imegongwa na lori kwa nyuma, kabini imebondeka, bomba la moshi limepinda na kuingia chini ya viti. Lori lilishakimbia. Dereva wa pikapu alishakimbilia dukani kuomba msaada, na watu wa barabarani walishughulikia kilicho muhimu zaidi kwao, magunia ya sukari yaliyomwagika kutoka kwenye lori mbele huko. Mbele ya pikapu pote palikuwa pazima. Injini ilikuwa inanguruma, redio inaanza taarifa ya habari, na mwanamke wa Kimasai alibanwa miguu ndani ya moshi.

"Zima, baba," alisema. "Zima."

Kila fundi anajua kuwa injini ya mtumba huwezi kuipima ikiwa imelala. Sharti uisikie ikiwa hai, ikiwa imepata moto. Deogratius aliweka bisibisi juu ya chuma, akatia sikio kwenye mpini, akainua kidole kimoja.

"Ngoja kidogo, mama. Nasikiliza."

Akasikiliza. Haikuwa na kasoro hata moja. Matangazo ya vifo yalipomalizika ndipo alipoizima, nusu saa kamili, na yule mama alikuwa ameshanyamaza. Baada ya wiki alimfuata mwenye pikapu, akainunua injini kwa bei ya chuma chakavu.

"Alikuwa hai," akajibu.

"Uliiacha ikimfukiza muda gani?" aliuliza Bibi Yuditha. "Sema kweli, maana nitamfunga jini kwa neno lako. Utakaa ndani, vioo juu, muda uleule uliomkalisha. Hautapungua."

Efrazia alikuwa amesimama pale, amemkumbatia Rhoda, macho amemkodolea mumewe. Angesema nusu saa, mwanamke yule asingemtazama tena kama mume.

"Dakika tatu," alisema.

"Tatu?"

"Tatu, bibi. Haki ya Mungu."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Deogratius ilikuwa dakika tatu. Aliingia, akapandisha vioo, na injini ikajiwasha. Moshi ukapanda kupitia matundu ya dashibodi, sauti ikaanza habari, na kiti cha pembeni yake kikabonyea taratibu kwa uzito wa mtu anayeketi, shanga zikagongana, na pumzi yenye moto ikamjia sikioni ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, naye akakaza macho mbele kwenye kioo asigeuke, asigeuke, mpaka Mzee Mhina aliyekuwa akitazama saa ya mkononi alipoinua mkono na Bibi Yuditha akapiga boneti kwa kofi.

Injini ikazima yenyewe. Deogratius akatoka akitapika na kucheka kwa pamoja. Efrazia akapiga vigelegele. Jioni ile Rhoda alikula ugali akaomba nyongeza, na Mzee Mhina akaondoka na Moris yake akipiga honi mtaa mzima.

Kesho yake mchana nyumba ilikuwa kimya. Deogratius alikuwa kibarazani akinoa tindo aliposikia sauti ikianza kusoma taarifa ya habari. Ilitoka ndani.

Rhoda alikuwa amelala chali mkekani, macho wazi, kinywa wazi, midomo haichezi, na sauti ile ya mwanamume inatoka kooni mwake. Kifua kilikuwa kinatikisika. Deogratius alipiga magoti akaweka sikio. Humo ndani kulikuwa na mngurumo ulio sawasawa, usiokosa pigo. Ilikuwa injini nzima isiyo na kasoro. Moshi mwembamba ukaanza kumtoka mtoto puani.

"Nilidanganya!" alipiga kelele. "Ilikuwa nusu saa! Nusu saa!"

"Nusu saa nini?" Efrazia alisimama mlangoni. Kisha akaelewa, akafunika mdomo kwa mikono miwili.

"Nirudishe mimi garini! Nimalizie mimi!"

Lakini Moris ilikuwa njiani kwenda Handeni, na dakika zilizobaki zilikuwa ishirini na saba. Deogratius akamshika mwanawe mabega, machozi yakimdondokea mtoto usoni.

"Zima," alisihi. "Tafadhali, mama. Zima."

Rhoda akamgeuzia macho polepole. Akainua kidole kimoja.

"Ngoja kidogo, baba," alisema. "Nasikiliza."