Picha Iliyopigwa Gizani

Rafiki yangu mpiga picha si mwoga wa vivuli, ndiyo maana nilimwamini aliponisimulia kisa hiki. Siku ya kufunga muhula, shule ya bintiye ilimwita awapige watoto picha na Baba Krismasi. Ndani ya lile joho jekundu na ndevu za pamba alikuwa shemeji yake, mwalimu wa hesabu. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa mapazia mazito ili taa za rangi zipendeze.

Bintiye alipopanda mapajani kwa Baba Krismasi, umeme ukakatika. Giza totoro. Watoto zaidi ya thelathini wakanyamaza kwa mpigo mmoja. Kisha rafiki yangu akasikia pumzi nzito ya mtu ikipita taratibu karibu na sikio lake, kuelekea kitini.

"Shemeji, acha utani. Rudi ukae."

"Mbona sijainuka?" shemeji akajibu kutoka palepale kitini. "Mtoto ninaye hapa. Nani huyo anamvuta?"

Kwa hofu rafiki yangu akabonyeza kamera. Mwanga ukamulika mara moja, giza likarudi. Akakimbilia kitini, akamkumbatia mwanawe mpaka taa zilipowaka. Hapakuwa na mtu mzima mwingine ukumbini.

Picha hiyo nimeiona kwa macho yangu. Shemeji amemshika mtoto kiunoni kwa mikono yote miwili. Mtoto anatabasamu, mkono wake mmoja umenyooshwa hewani, na kitambaa cha sweta kimebonyea kwenye kifundo cha mkono huo mahali panne, kama kilichokazwa na vidole.