Kibao cha Kipanga

Fundi alimsingizia maiti. Tuanzie hapo, maana mwenyewe ndivyo anavyotaka hadithi hii ianze. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Alisimamia kituo cha kurushia matangazo: chumba kimoja cha matofali juu ya kilima, mtambo unaonguruma usiku na mchana, na nje mlingoti wa chuma uliobeba antena za redio na televisheni. Kituo kilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Anayepanda mlingoti huzima mtambo kwanza, kisha hutoa kibao chenye jina lake msumarini, akakitia mfukoni na kupanda nacho. Akishuka, hukitundika tena. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu juu, na hakuna kugusa swichi hata aje nani. Mawimbi yale hayaonekani, lakini yanaunguza nyama.

Miaka sita nyuma, mwenzake waliyemwita Kipanga, kwa jinsi alivyopenda kukaa juu, alichelewa kushuka. Zilibaki dakika mbili taarifa ya habari ianze. Studio wakapiga simu, wakafoka. Fundi akautazama msumari. Mtupu. Akajiambia, atakuwa ameshazipita antena.

Akawasha.

Hakusikia ukelele. Alisikia kishindo tu.

Kabla watu hawajafika, alitia mkono mfukoni mwa marehemu, akatoa kibao, akakitundika. Wachunguzi walipouliza, akasema Kipanga alikuwa ameshashuka, akapanda tena kwa ukaidi wake. Wakaandika hivyo. Mama wa marehemu akabaki kuitwa mama wa mkaidi. Kibao chenyewe Fundi alikuja kukitupa katika shimo la choo, akatubu nusu. Kwa Mungu alisema. Kwa mama hakusema.

Basi jioni moja, jua likizama, taa nyekundu ya kileleni ikaungua. Wa kupanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye Fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Shemeji akazima mtambo, akachukua kibao chake, akacheka.

"Ukiniwasha nikiwa juu, shemeji, dada atakupikia mawe mpaka uzeeke."

Mlangoni akageuka. Akasema chini ya mlingoti amekuta kitambaa cheusi kimefungwa kwenye waya, mafundo saba. Fundi akamwambia asikiguse. Wanakijiji walikuwa wakinong'ona siku nyingi kwamba mama wa Kipanga hupanda kilimani peke yake, na kwamba mama aliyefiwa haendi mahali bure.

Giza likaingia. Mtambo ukiwa umezimwa, chumba kilikuwa kimya mno... kimya cha kusikia saa ya ukutani ikitembea.

Dakika kumi kabla ya habari, studio wakapiga. Fundi akawaomba wavumilie.

Dakika tano. Wakapiga tena.

Ndipo simu ya upepo ikakwaruza mezani.

"Nimeshuka," ikanong'ona. "Washa."

Akamshukuru Mungu. Akanyoosha mkono kwenye swichi. Nyuma yake ukutani, kitu kikagonga taratibu. Ko... ko... ko...

Kibao. Kilikuwa msumarini, kikiyumba kama kilichotundikwa sasa hivi.

Mlango haukuwa umefunguka.

Kisha harufu. Nywele zilizoungua. Aliijua harufu ile; alikuwa ameinusa mara moja tu maishani.

"Washa," ikasema sauti. "Watu wanangoja habari."

Fundi akaenda ukutani. Akakishika kibao. Kilikuwa na maji maji, ukingo mmoja umeungua. Akakigeuza upande wa jina.

KIPANGA.

Akakimbilia dirishani. Juu kabisa, mbele ya antena, kurunzi ilikuwa ikicheza, na miguu miwili ikining'inia kwenye mkanda. Shemeji alikuwa bado anafunga taa, akipiga mluzi.

Fundi akauacha mtambo umezimwa, akaketi sakafuni, mgongo kwenye sanduku la swichi, akimwombea shemeji dua kwa sauti. Simu ya studio ililia mpaka ikachoka. Habari zilipita pasi na sauti. Shemeji aliposhuka, alitoa kibao chake mfukoni, akauliza kwa nini anaombewa dua kama maiti. Simu yake ya upepo, akasema, iliishiwa betri tangu alipoanza kupanda.

Usiku ule ule Fundi alikwenda kwa mama wa Kipanga, akapiga magoti, akasema yote ya miaka sita: msumari, mfuko, uongo. Ya jioni ile hakuyataja. Akamsihi tu afungue alichofunga mlingotini.

Mama alimwambia ainuke.

"Sijafunga kitu, mwanangu," akasema. "Mimi hupanda kule kumwomba apumzike. Kila jioni, saa ya habari, mtu hunigongea. Husema, 'Mama, nimeshuka.' Nikifungua, hakuna mtu. Nilidhani ni wewe, unakuja kunidhihaki."

Asubuhi Fundi aliwaandikia wachunguzi ukweli, akaacha kazi. Kitambaa hakikuonekana tena. Kibao alimpelekea mama, naye akakizika kaburini kwa mwanawe. Shemeji anasema juzi alikikuta msumarini.

Nawe unayesikiliza, ombi ni moja. Redio yako ikikaa kimya jioni, usiipige makofi, wala usiwapigie studio simu kuwaharakisha. Waache.

Huenda bado kuna mtu juu.