Nakala ya Jana

Siku walipokutana, dirisha la dawa la hospitali lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni, na kompyuta ya mfamasia ilikuwa imeganda. Alipiga simu mara tatu kabla fundi wa mtandao hajatokea, mikono ya shati lake la buluu imekunjwa, hana haraka hata chembe.

"Hospitali nzima inavuta kurasa zilezile kwa wakati mmoja," fundi alimwambia. "Lazima pawe na msongamano."

"Basi tafuta dawa yake. Mimi ninazo za binadamu tu."

Wagonjwa kwenye foleni wakacheka, na fundi akamtazama mara ya pili.

Dawa ilipatikana. Fundi aliweka seva ya kati, mashine inayotunza nakala za kurasa ili zisifuatwe mbali kila mara. Penzi nalo likaingia bila hodi. Kwa miezi saba walikula pamoja kila mchana kantini, na mfamasia, ambaye sasa alivaa hereni hata kazini, akafundishwa kwamba kila ukurasa hubeba maagizo kichwani: nani apewe nakala yake, na itunzwe kwa muda gani. Fundi alikuwa ameandika agizo moja kwa kurasa zote: nakala itunzwe siku nzima, apewe yeyote anayeiomba. Mfamasia akamuuliza, je, kurasa za siri za wafanyakazi? Akaahidi kuzitenga. Huyo bwana kuahidi hakukumgharimu kitu.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya kumpeleka fundi kwa mama yake, mfamasia alifungua ukurasa wa wategemezi, ambao anwani yake ni moja kwa wafanyakazi wote, ili amwandikishe mama huyo. Ukaja ukurasa wa fundi. Mke, mmoja. Mtoto, mmoja. Akausoma mara mbili, kisha akapiga simu.

"Una mke?"

"Umeyatoa wapi hayo, kipenzi?"

"Kompyuta imenipa ukurasa wako badala ya wangu."

Fundi akacheka. "Hiyo nakala ya zamani, laazizi. Tuliachana kitambo, nikamwondoa. Mashine imeng'ang'ania ya kale tu. Ngoja niifute."

Na mfamasia akamwamini, maana alitaka sana iwe hivyo. Akasikiliza vidole vikigonga upande wa pili. Fundi alifuta nakala, kisha akafungua ukurasa wake mwenyewe kuhakikisha mashine inafanya kazi. Lile agizo lake la zamani, kwa hofu, hakuligusa. Mashine ikatii: ikatunza nakala mpya, tayari kumpa yeyote.

"Fungua sasa. Utaona wa kwako."

Akafungua. Kichwani paliandikwa saa ya dakika ileile. Mke alikuwepo, na watoto walikuwa wawili. Wa pili, wa kike, aliandikishwa asubuhi hiyo. Alizaliwa siku tisa zilizopita, wiki ambayo fundi alimuaga mfamasia kwa busu akisema anakwenda mafunzoni. Njia ya mwongo ni fupi, ila ya huyu haikufika hata dakika mbili.

"Umeuona, mpenzi?"

"Nimeuona. Na kweli, ile ilikuwa ya zamani. Ilikuwa ya jana, maana mashine yako haitunzi nakala zaidi ya siku moja." Akaufunga ukurasa. "Hongera kwa mtoto."

Fundi akaanza kujieleza, maneno yakipandana. Mfamasia akakata simu, akampigia mama yake, aliyekuwa akipiga pasi vitambaa vya meza kwa ajili ya mgeni.

"Mama, Jumamosi nakuja peke yangu."

"Kulikoni? Mkwe wangu anaumwa?"

"Haumwi, mama. Kajaliwa mtoto wa kike."

Mama akazima pasi. Mfamasia alivua hereni, akazitia kwenye mfuko wa koti, akafungua dirisha na kumwita mgonjwa wa kwanza.