Vipimo vya Mfuko wa Maktaba

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Nyuzi hakuwa na kona nyingine ya kupitia. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha kushonea cha shangazi yake, akatua mkoba nyuma ya mlango, akashika fagio. Sakafu ya fundi cherehani haikosi takataka: ncha za nyuzi, vumbi la chaki, na vipande vya vitambaa vilivyoanguka kutoka mezani. Vumbi lilikwenda nje. Vipande viliingia kwenye gunia lake. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yake na shangazi: fagia, na kipande unachookota ni chako.

Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini nani alikuwa na habari nalo? Tangu darasa la tatu alikuwa akiingia shuleni na nyuzi zimemganda kwenye sketi, wenzake wakamwita Nyuzi, na jina likakaa.

Kwa vipande vya gunia lile alishona vifuko vya kalamu na kuviuza darasani. Alianza na lengo moja tu, kununua mkasi wake mwenyewe, kwa sababu shangazi hakuruhusu mtu yeyote aguse mkasi wake wa kazi, hata awe anamlilia. Baada ya muhula mmoja mkasi ukapatikana. Ajabu ni kwamba hapo hapo biashara ikalala. Kila aliyetaka kifuko darasani alishapata, na Nyuzi alikuwa na mdomo mzito, hawezi kuingia darasa la watu na kusema, "Jamani, nauza." Hakujali sana. Yeye ndiye mshonaji wa shule, na kila mtu alijua.

Kisha akaja Mgeni. Msichana huyu alihamia darasa lao la sita katikati ya mwaka, na ingawa muhula mzima ulishapita, hakuna aliyekumbuka kumbadilishia jina. Siku moja aliweka juu ya dawati kifuko cha kalamu alichokishona kwa mguu wa suruali kuukuu. Ubavuni alikuwa ameshonea kijifuko cha kuwekea kifutio. Na juu kilikuwa na zipu.

Zipu. Nyuzi alijiona kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu kwa makusudi. Vifuko vyake yeye vilifungwa kwa kamba.

"Hivi hiyo suruali ilivaliwa na nani?" aliuliza, kwa sauti ya kutosha kusikika madawati matatu mbele na matatu nyuma.

"Na baba yangu," Mgeni akajibu huku akicheka. "Miaka sita, mpaka magoti yakagoma kazi. Ndiyo maana nimekata chini ya magoti."

Darasa zima likacheka, lakini lilicheka pamoja na Mgeni, si kwa ajili ya Nyuzi. Kabla ya mapumziko wanafunzi watano walikuwa wameahidi kuleta suruali za baba zao. Wawili kati yao walikuwa na vifuko vya Nyuzi mkononi.

Wivu ulimkamata hapo hapo, wala tusiutafutie jina la heshima. Alimwonea gere mwenzake kwa zipu, kwa kicheko, kwa namna alivyokwenda hadi darasa la saba bila kuogopa na kurudi na kazi. Usiku alijigeuza kitandani akitafuta kasoro. Asubuhi alikuwa ameipata moja, mshono mmoja uliopinda kidogo, akautangazia kila aliyekubali kusikiliza. Hakuna aliyeshtuka.

"Umefagia hapo hapo mara ya nne," shangazi akamwambia jioni ile bila kuinua macho kwenye cherehani. "Unataka kutoboa sakafu?"

Nyuzi akatoa la moyoni. Alieleza habari ya Mgeni, suruali na zipu.

"Anashona vizuri?" shangazi akauliza.

"Anatumia nguo kuukuu, shangazi."

"Sikukuuliza anatumia nini."

Nyuzi akasimamisha fagio. "Anashona vizuri."

"Basi mlete nimwone."

Nyuzi alijitia hajasikia, akafagia upande wa pili.

Wiki iliyofuata zilienea habari kwamba mwalimu wa maktaba anataka mifuko arobaini ya kitambaa, ili wanafunzi wabebee vitabu kwenda navyo nyumbani bila kuvichafua. Shule ilikuwa na kitambaa tayari, kizito, rangi ya kijani. Na kazi amepewa nani? Mgeni. Nyuzi aliisikia habari hiyo akikinga maji bombani, ndoo ikafurika mpaka aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega.

Jumamosi asubuhi shangazi alikuwa ametoka kwenda kununua nyuzi. Nyuzi alikuwa peke yake kwenye chumba cha kushonea akipanga vifungo aliposikia, "Hodi."

Alikuwa Mgeni, na kitambaa cha kijani kimekunjwa chini ya kwapa.

"Mwenzangu, nisaidie," akasema, hata kukaa hajakaa. "Mimi nimezoea nguo zilizokwisha shonwa. Mguu wa suruali una mishono yake tayari, kazi yangu ni kufunga chini na kutia zipu. Kitambaa kizima sijawahi kukikata. Mfuko wa kuingia kitabu kikubwa cha maktaba, nikate upana gani na urefu gani? Halafu kuna jambo nilitaka kukwambia, nilipokuwa kwa mwalimu…"

"Nina kazi," Nyuzi akamkatiza. Hakutaka kusikia alivyosifiwa kwa mwalimu. "Ngoja nikuandikie vipimo."

Sasa, ieleweke vizuri alichofanya. Mfuko uliokwisha shonwa una vipimo vyake, na kitambaa cha kuukatia kina vipimo vyake. Kitambaa lazima kiwe kikubwa zaidi, kwa sababu mishono inakula pembeni na pindo linakula juu. Shangazi alimfundisha hilo kabla hata hajamruhusu kushika sindano. Nyuzi alichukua karatasi, akaandika upana sentimita ishirini na sita, urefu thelathini na nne. Hivyo ndivyo vipimo vya mfuko ukiwa tayari. Sentimita za mshono hakuziandika.

"Nikate hivi hivi?" Mgeni akauliza.

"Hivyo ndivyo vipimo vya mfuko," Nyuzi akajibu.

Mgeni alishukuru mara mbili, akaondoka akikimbia. Nyuzi aliendelea na vifungo vyake. Alijiambia hajasema uongo hata neno moja. Alijiambia hivyo tena wakati wa chakula cha mchana, na tena alipokuwa akioga.

Jumatano, katikati ya somo, mwanafunzi wa zamu alikuja mlangoni. Mwalimu wa maktaba alikuwa akimwita Mgeni, na Nyuzi pia. Yeye anaitiwa nini?

Juu ya meza ya maktaba palikuwa na mfuko mmoja wa kijani na kitabu kikubwa cha ramani. Mwalimu alikuwa akijaribu kukiingiza. Kiliingia kona moja, kikakwama. Pembeni palikuwa na vipande vyote vilivyobaki, vimekatwa tayari, vyote vidogo sawasawa.

"Nyinyi wawili mnieleze," mwalimu akasema.

"Kosa ni langu, mwalimu," Mgeni akasema haraka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Vipimo alinipa Nyuzi. Nadhani mimi ndiye niliyesoma tepu vibaya. Yeye hana hatia."

Nyuzi hakuelewa kwa nini anatetewa, mpaka alipoiona karatasi iliyokuwa mbele ya mwalimu. Ilikuwa ya makubaliano ya kazi. Chini palikuwa na majina mawili, na la juu lilikuwa lake, lile jina la daftarini ambalo hakuna aliyelitumia.

"Mwenzako aligoma kuchukua kazi hii peke yake," mwalimu akamwambia Nyuzi. "Aliniambia yeye anajua kuunganisha na kuongea na watu, lakini anayejua kitambaa shuleni hapa ni wewe. Alisema angekueleza Jumamosi."

Lile jambo. Lile alilomkatiza.

"Nawapa mpaka Jumatatu," mwalimu akaendelea. "Wazazi wamejitolea kitambaa hiki na kingine hakuna. Mkishindwa, nitaipeleka kazi kwa mafundi wa nje, na sitawapa tena wanafunzi kazi kama hii."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nyuzi alisema tu, "Ndiyo, mwalimu." Aliaga, akarudi darasani, na somo lote lililobaki hakusikia hata sentensi moja.

Jioni hakushika fagio. Alimweleza shangazi yote, kuanzia zipu mpaka karatasi yenye majina mawili. Shangazi alisimamisha cherehani.

"Ungeniambia umekosea ningekuelewa," akasema polepole. "Ungeniambia hukujua ningekuelewa zaidi. Lakini nafasi ya mshono nilikufundisha mimi, kwa mikono hii, na wewe umeichukua ukamwumiza nayo mtoto wa mwenzangu."

"Shangazi, tutafanyaje?"

"Kwanza wewe utasema. Kitambaa baadaye."

Nyumba ya akina Mgeni ilikuwa mitaa miwili tu mbele. Mama yake alikuwa akianua nguo uani. "Shikamoo, mama," Nyuzi akasema, na mama akamwitikia vizuri, akamwonyesha mlango, jambo lililomfanya ajisikie vibaya zaidi. Ndani, Mgeni alikuwa amekaa mbele ya cherehani ya mkono, akifumua mshono kwa wembe.

Nyuzi alisema yote akiwa amesimama. Hakulia, ingawa alitamani, kwa sababu aliona si zamu yake.

Mgeni aliweka wembe chini. "Siku nne," akasema, "nimepima na kupima tena. Nimejiita mjinga. Baba ameniambia labda niache kushona, nisome tu. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa sababu gani?"

"Ile zipu," Nyuzi akasema. Aliposikia neno lenyewe likitoka mdomoni mwake, aliona lilivyo dogo. "Watu walikupenda wewe. Nikaona unaninyang'anya."

Mgeni hakumkumbatia, wala hakusema yaishe. Alisukuma mfuko wa kijani kuelekea kwake. "Unaweza kurekebishwa?"

Nyuzi aliugeuza ndani nje, akanyoosha mshono kwa kidole. Njiani alikuwa amewaza jambo moja. "Tukitia ukanda wa kitambaa kingine kuzunguka ubavuni na chini, utapanuka. Na juu tusipinde hiki cha kijani, tuongeze ukanda mwingine, hapo urefu utatosha. Ninalo gunia zima la vipande. Lakini ni vidogo vidogo, vya rangi mbalimbali. Kuviunganisha viwe kanda ndefu, mimi siwezi kwa haraka."

"Mimi naweza," Mgeni akasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba amekasirika, akainama na kurudi kwenye wembe wake.

Kesho yake Nyuzi alikwenda maktaba peke yake kabla ya kengele. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Sitakupongeza kwa kusema leo jambo ulilopaswa kusema jana," akamwambia. "Lakini nimesikia. Nendeni mkafanye kazi."

Walifanya. Alhamisi na Ijumaa baada ya shule, Jumamosi na Jumapili mchana kutwa, kwenye chumba cha shangazi. Nyuzi alikata, Mgeni aliunganisha kanda, Nyuzi akazishonea kwenye mifuko, shangazi alikagua na kurudisha kila mshono uliolegea bila kumwonea mtu huruma. Siku ya kwanza Mgeni aliongea na shangazi tu. Siku ya pili alimwambia Nyuzi, "Nipe chaki." Siku ya tatu, Nyuzi aliposhona kwa bahati mbaya pindo la sketi yake mwenyewe pamoja na mfuko wa maktaba, Mgeni alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa, na shangazi naye akaungana naye mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Jumatatu kitabu cha ramani kiliingia kwenye mfuko wa kwanza bila kusukumwa. Kiliingia kwenye wa pili na wa kumi. Ile mifuko ya kijani, yenye kanda za rangi ubavuni, haikufanana hata miwili, na wanafunzi walianza kugombea ipi ni ya nani kabla mwalimu hajamaliza kuihesabu. Wiki ile ile mwalimu wa shule ya jirani alikuja kuitazama. Alitaka mifuko sitini.

Mgeni alileta habari hiyo kwenye chumba cha shangazi. Nyuzi hakujua kama naye anahesabiwa. Shangazi alitazama mmoja, akamtazama mwingine, akavuta kiti.

"Nyuzi, kaa nikwambie," akasema. "Ulipotaka mkasi, mikono yako ilitosha. Ulijituma ukaupata, nami nilifurahi. Lakini mkasi ulipopatikana uliishia hapo, hukwenda mbele hata hatua. Si kwamba hujui kazi. Ulikuwa peke yako. Huyu mwenzako amesimama mbele ya mwalimu akataja jina lako wewe ukiwa hupo, na hakuna aliyemtuma. Ukimpata mtu wa namna hiyo, wivu utakuja tu, mimi pia unanijia. Ukija, usiupe kazi ya kufanya. Mwendee mtu huyo umwambie ukweli, na mpime kitambaa pamoja."

"Ndiyo, shangazi."

"Usiniambie mimi."

Nyuzi akamgeukia Mgeni. "Unataka tufanye wote?"

Mgeni alikuwa ameshakunjua kitambaa mezani. Alimpa Nyuzi tepu na chaki.

"Wewe utapima," akasema. "Halafu mimi nitapima tena."

"Pima tena," Nyuzi akasema, na akamsogezea nafasi mezani.